Mtoto Aliyebebeshwa Mtoto

Kwetu Sotik, kwa Wakipsigis wa Kenya, msichana akifika miaka sita au saba alikabidhiwa mtoto. Alifungiwa mgongoni mtoto wa miezi mitatu minne, na mama akashika jembe au kikapu cha chai akaenda zake. Kuanzia hapo msichana huyo alikuwa cheplakwet. Kazi yake ilikuwa kumjua yule mdogo kwa undani: kilio gani ni cha njaa, kipi cha usingizi, kipi cha siafu aliyepenya kwenye nguo, na ni wakati gani hakuna budi akimbie shambani kumwita mama aje kunyonyesha. Nilikuwa cheplakwet wa mdogo wangu wa kiume, na kwa sababu yake niliingia darasa la kwanza wenzangu wakiwa wameshatangulia.

Baadaye nilisomea ualimu, kisha nikafundisha saikolojia ya mtoto kwa walimu tarajali hadi nikastaafu. Vitabu tulivyotumia vilitoka Uingereza na Marekani. Humo ndani, katika kurasa ambazo wanafunzi wangu waliziruka kwa kuwa hazikuulizwa katika mtihani, nilimkuta cheplakwet. Nilimkuta akiwa Mkipsigis, akiwa Mgusii, akiwa Mjaluo, amepimwa, ameandikwa kwa majedwali, ametajwa katika hoja za watu wa Harvard. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia hii, kwa sababu naamini ni yetu na hatujasimuliana. Wasomi wa karne ya ishirini walipotaka kujua binadamu anajifunzaje kuhisi ya mwenzake, sehemu kubwa ya jibu waliipata kwenye vilima vyetu, kati ya Kericho na Ziwa Victoria. Nitaisimulia pamoja na pale walipoishia.

Mwaka 1972 mume na mke Wamarekani, Charles Super na Sara Harkness, walifika katika iliyokuwa wilaya ya Kericho. Walikuja kupitia kitengo cha utafiti wa makuzi ya mtoto ambacho John Whiting wa Harvard alishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi kukianzisha. Waliishi kwa takriban miaka mitatu katika jamii ambayo katika maandishi yao wanaiita Kokwet: kaya hamsini na ushei zilizotandaa juu ya mgongo wa kilima, kwenye ardhi iliyokuwa ya walowezi kisha wenyeji wakagawiwa wakati wa uhuru. Super alikuwa mwanasaikolojia, Harkness mwanaanthropolojia, na kila mmoja alikaa na watu wale wale akiuliza maswali ya fani yake. Kazi ya namna hiyo haikuwa ya kawaida wakati ule, na naona ndiyo maana kazi yao imedumu.

Jambo la kwanza walilolirekebisha lilihusu miguu ya watoto. Kabla yao, madaktari na watafiti wengi wa kizungu waliandika kwamba mtoto wa Kiafrika huketi na kutembea mapema kuliko wa kwao, na wengine wakasema ni mambo ya damu. Mwaka 1976 Super alichapisha alichokiona Kokwet. Watoto waliketi na kutembea mapema kweli, lakini kutambaa hawakuwa mbele hivyo. Sababu ilikuwa wazi kwa aliyekaa nao: akina mama waliwafundisha kuketi na kutembea. Mtoto aliwekwa katika kishimo kidogo kilichochimbwa ardhini, akazungushiwa blanketi ajikaze mgongo, na baadaye akashikwa mikono na kutembezwa kila siku. Kutambaa hakuna aliyemfundisha, kwa maana hakuna aliyetaka mtoto atambae penye moto na kinyesi cha ng'ombe. Mama yeyote wa Litein au Longisa angemwambia hayo bila karatasi. Lakini ilibidi mtu aulize, na kabla ya kuuliza ilibidi akubali kwamba mama anajua anachofanya.

La pili linanigusa zaidi. Waliwauliza akina mama mtoto mwerevu ni yupi. Wakapata kwamba mama wa Kokwet alitenga werevu wa nyumbani na werevu wa shuleni, na huu wa nyumbani aliueleza kwa matendo. Mwerevu ni yule aliyemaliza kula akaona sufuria chafu akaziosha bila kuagizwa. Ni yule aliyeona mama anarudi amechoka akaenda kuchuma mboga. Ni yule aliyemsikia mdogo wake kabla hajalia sana. Kwa maneno mengine, akili waliyoisifu ilikuwa uwezo wa kuona haja ya mwenzako kabla hajaisema. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza uwezo huo kuwa hisia laini, kitu cha moyo kisicho cha kichwa. Mama zetu waliuhesabu kuwa akili, tena ya daraja la juu.

Na bado, watoto hao hao walipoitwa mbele ya mtafiti wakahadithiwa kisa na kuombwa wakirudie, wengi walikaa kimya. Mwaka 1977 Harkness na Super waliandika makala kueleza kwa nini watoto wa Kiafrika ni vigumu kuwapima kwa vipimo vya kawaida. Jibu lao lilikuwa la heshima. Mtoto wa Kokwet amelelewa kusikiliza mkubwa na kutii. Mazungumzo mengi ya mama na mtoto mdogo ni maagizo, na mtoto mwema huyatimiza. Kusimama mbele ya mtu mzima mgeni na kumsimulia jambo ambalo yeye mwenyewe amelisema punde si punde ni utovu wa adabu, au angalau ni jambo lisilo na maana. Kimya chake hakikuwa ujinga. Nilikuwa nikiwatuma walimu tarajali kufanya zoezi hilo hilo katika shule za karibu, wakarudi na karatasi tupu, kisha nikawatuma tena wakae mbali kidogo na kumsikiliza mtoto akimhadithia mdogo wake. Karatasi zilijaa.

Watu wa Kokwet hawakuwa peke yao. Ng'ambo ya mpaka wetu, kwa Wagusii, kazi ilikuwa imeanza mapema zaidi. Kati ya mwaka 1955 na 1957 Robert LeVine na Barbara LeVine walikaa katika mtaa waliouita Nyansongo. Ulikuwa mmoja wa mitaa sita iliyochunguzwa na kundi la John na Beatrice Whiting: mingine ilikuwa Ufilipino, Mexico, India, kisiwa cha Okinawa, na Orchard Town huko Marekani. Watazamaji waliwafuata watoto wa miaka mitatu hadi kumi na moja wakaandika kila tendo: nani amempa nani chakula, nani amempiga nani, nani amemsaidia nani. Kitabu kilitoka mwaka 1975. Katika matendo ya kusaidia na kujali, watoto wote wa Nyansongo walikuwa juu ya alama ya kati ya watoto wa mitaa yote sita. Wa Orchard Town waliovuka alama hiyo walikuwa asilimia 8.

Whiting na mkewe hawakusema kwamba Mgusii huzaliwa na moyo mwema. Walitazama siku ya mama. Mama wa Nyansongo alilima, alichota maji, alitafuta kuni, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Kwa hiyo kazi ya kweli iliangukia mikono midogo, na kila mtu nyumbani alijua kwamba ikiharibika, kuna atakayeumia. Mtoto wa Orchard Town aliambiwa atandike kitanda chake. Asipokitandika, hakuna aliyelala njaa.

Carol Ember alilisukuma jambo hilo mbele kwa namna ninayoipenda kuliko zote. Alifanya kazi Oyugis, kwa Wajaluo, mwishoni mwa miaka ya 1960, akaona nyumba ambazo hazikuwa na msichana wa umri wa kufaa. Katika nyumba hizo mvulana ndiye aliyepewa kazi za kike, pamoja na kulea mtoto. Akawalinganisha wavulana hao na wenzao ambao dada zao waliwafanyia kila kitu. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1973 ni kwamba waliofanya kazi za kike, hasa zile za ndani ya nyumba, walikuwa na ugomvi mdogo na upole mkubwa hata wakiwa nje ya kazi, wakicheza. Hawakuchagua upole. Walizaliwa tu katika nyumba isiyo na dada. Kila nilipofundisha somo hilo kuna mwalimu tarajali wa kiume aliyenyoosha mkono akasema kwamba yeye ndiye mvulana huyo.

Hapa sina budi nirudi nyuma, kwa sababu wasomi hawa hawakuwa wa kwanza kuja kutusoma, na waliotangulia walikuja katika zama nyingine. Ian Orchardson alifika Kericho kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akaoa mwanamke wa Kikipsigis, akaishi nasi miaka mingi. Kati ya mwaka 1929 na 1937 aliandika alichokijua. Maandishi yake yalichapishwa kwa ufupisho mwaka 1961. J. G. Peristiany alikuja kama mwanaanthropolojia wa chuo, na kitabu chake kuhusu taratibu za kijamii za Wakipsigis kilitoka mwaka 1939. Nilijifunza kutoka kwao mambo ambayo babu yangu hakuwahi kunieleza kwa sababu mimi ni mwanamke. Wanaeleza kwa mfano kimanagan, desturi ya kumpa rafiki ng'ombe wako amtunze: yeye anapata maziwa, wewe unapata usalama, kwa kuwa ugonjwa au wavamizi wakilikumba boma lako, mifugo yako yote haimo humo. Mtu aliyetawanya ng'ombe namna hiyo ana sababu ya kuulizia mvua ya Chepalungu, ng'ombe wake waliko, hata kama yeye anakaa Belgut.

Lakini miaka hiyo hiyo ambayo vitabu hivyo viliandikwa, serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1934 ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wetu wa kidini, ikawakusanya kwa mamia, wazee, akina mama na watoto wachanga, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto na mbung'o. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Wakati Peristiany anaandika jinsi Mkipsigis anavyotendeana na jirani yake, baadhi ya majirani hao walikuwa uhamishoni. Simlaumu yeye. Nasema tu kwamba inawezekana watu kuchunguzwa kwa makini makubwa na kuonewa kwa makini makubwa, chini ya bendera moja, na maarifa ya huku yasizuie mkono wa kule.

Kokwet, lile jina ambalo Harkness na Super waliipa jamii waliyoichunguza, ndilo jina la mtaa wetu na baraza lake. Ndipo kesi zilipoamuliwa. Nakumbuka kesi ya ng'ombe aliyeingia katika wimbi la mjane. Wazee hawakuanza na maneno. Walinyanyuka wote, wakaenda shambani, na mwenye ng'ombe akatembezwa katikati ya wimbi lililolala mpaka mwisho wa shamba na kurudi, mjane akiwa nyuma yake. Waliporudi chini ya mti ndipo alipoulizwa ana nini la kusema. Alisema atalipa, akataja kiasi mwenyewe, na mzee mmoja akakiongeza kidogo. Sisi watoto tulitazama kutoka kwenye ua. Akina mama walikaa pembeni na mara nyingi hawakuulizwa, na hilo nalo ni sehemu ya historia hii.

Fikra za wazee kama hao nazo zilipimwa. Lawrence Kohlberg wa Harvard alikuwa ameunda ngazi ya kupimia jinsi mtu anavyofikiri kuhusu haki na kosa. Ilikuwa na vidato sita: chini kabisa ni kuogopa adhabu, katikati ni kutunza uhusiano na kuwafikiria wenzako, juu kabisa ni kanuni za haki zinazomhusu kila binadamu. Harkness na Super, wakiwa na Carolyn Pope Edwards, walivirekebisha visa vya Kohlberg vifae maisha ya Kokwet, wakawapelekea wazee walioaminiwa na wenzao kuwa waadilifu, na wanaume wengine waliolingana nao. Makala yao ilitoka mwaka 1981. Wazee walioaminiwa walitoa zaidi hoja za kidato cha tatu, za kutunza amani na uhusiano, kuliko wale wengine. Kwa ngazi ya Kohlberg, basi, watu bora wa kijiji chetu walisimama nusu ya safari.

Edwards alikuwa ameshalipinga wazo hilo mwaka 1975, baada ya kufanya kazi na wazee na wanafunzi wa chuo kikuu hapa Kenya. Alisema vidato vya juu ni fikra za watu wanaoishi chini ya dola, mahakama na sheria zilizoandikwa, wanaoamua mambo ya watu wasiowajua. Katika mtaa ambapo mshtaki na mshtakiwa watachota maji kwenye kijito kimoja kesho asubuhi, kidato cha tatu kinatosha, tena ndicho kinachohitajika. Nakubaliana naye kuhusu mtaa. Yule mwenye ng'ombe hakuhitaji kanuni ya ulimwengu. Alihitaji kutembea katika lile wimbi. Ila sikubali kwamba hapo ndipo mwisho, kwa sababu wakati wazee wanahojiwa, watu wengi wa nchi yetu walikuwa hawaishi tena katika mitaa ya namna hiyo. Walikuwa wanaishi kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa mashamba ya chai.

Baada ya Vita vya Kwanza serikali ilitwaa ardhi ya Kericho ikawagawia maofisa wa kizungu waliojeruhiwa vitani, wapande kitani. Kilimo hicho kilianguka upesi. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, na vilima vikageuka kijani tunachokiona leo. Wakipsigis wengi waliosukumwa nje hawakuwa na hamu ya kuchuma chai juu ya ardhi ya babu zao, kwa hiyo wachumaji wengi walitoka kwa Wagusii, Wajaluo na Waluhya. Kampuni ziliwajengea vyumba kwa safu. Jirani yako kwenye laini hakuchaguliwa na ukoo wala rika. Karani wa nyumba ndiye aliyekupa. Aliyeamua ugomvi alikuwa nyapara.

Watoto nao walichuma. Katika miaka ya 1930 mashamba ya Kericho yaliajiri watoto wengi, mara nyingi mbali na wazazi wao, na wenye mashamba walisema kazi ni nyepesi na inawafaa. Shemasi mkuu (Archdeacon) Walter Owen, mmishonari wa Kianglikana aliyefanya kazi Nyanza na kuwatetea Wajaluo na Waluhya dhidi ya kodi na kazi za shuruti, alipiga kelele hadi magazeti ya Uingereza yakasikia. Mwaka 1938 serikali ililazimika kuunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Mtoto mwenye kikapu cha kampuni na cheplakwet walikuwa wa umri mmoja, na wote wawili walifanya kazi. Tofauti ni kwamba mmoja alijua jina la aliyemfanyia kazi, alimsikia akipumua mgongoni mwake. Mwingine alijua uzito kwenye mizani. Ukitaka kujua ni kazi gani inayomfunza mtoto kujali, na ni ipi inayomchosha tu, tofauti hiyo ndiyo ya kuanzia.

Hata hivyo, laini zilizaa malezi yake. Senge yangu, dada wa baba, aliolewa na mwanamume aliyefanya kazi ya dereva katika shamba moja la Kericho, akaishi kwenye laini maisha yake yote ya ndoa. Alichuma tangu alfajiri. Watoto wake walilelewa na mama wa Kigusii wa chumba cha pili siku ambazo senge alikuwa na zamu, na siku ya pili mambo yaligeuka. Walizungumza Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao aliyenyonya nayo, na binti ya senge alijifunza Ekegusii kabla hajaingia shule. Hakukuwa na kokwet ya kuwaunganisha. Waliunganishwa na uji, homa za watoto, na malipo ya mwezi yaliyochelewa. Harkness na Super hawakufika huko. Kohlberg asingejua awaweke kidato gani.

Kisha yakaja mambo ambayo sote tunayajua na hatupendi kuyataja. Mwaka 1992, wakati wa siasa za vyama vingi, mpaka wa Sotik na Borabu uliwaka moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 uliwaka tena, na soko la Chebilat, ambako Wakipsigis na Wagusii waliuziana kila kitu, likachomwa. Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipigwa risasi na askari polisi Mgusii huko Eldoret, na hasira ya Kericho ikawaangukia Wagusii ambao hawakuwahi hata kuisikia bunduki hiyo. Kwenye mashamba ya chai vijana walikuwa tayari wamevamia laini. Wafanyakazi na jamaa zao, watu 218, walipeleka kesi London dhidi ya Unilever, iliyokuwa imerithi mashamba ya Brooke Bond, wakisema kampuni ilijua hatari ya kuwaweka watu wachache kati ya wengi na haikuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani huko iliamua kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu huo kwao.

Waliovamia walikuwa wamelelewa wapi? Wengi wao walilelewa na macheplakwet. Wengine walikuwa wamebeba wadogo zao. Hili ndilo lililonikosesha usingizi kama mwalimu wa saikolojia. Vitabu vyangu vilionyesha kwa ushahidi mzuri kwamba kulea kunafundisha kujali, na majirani zangu walikuwa wamelea, na nyumba ziliungua. Jibu ninaloweza kulitetea ni kwamba mtoto hujifunza kumjali yule aliyewekwa mikononi mwake, na anajifunza hilo kwa dhati. Lakini ni nani awekwe mikononi mwake, hilo huamuliwa na wakubwa. Wakubwa wetu walituwekea wa kwetu tu.

Binti ya senge alikuwa bado kwenye laini mwaka 2008. Aliificha cherehani ya jirani yake Mgusii na nguo za watoto wake chini ya kitanda, na akampa mama yule njia ya kutoka usiku kupitia kwenye vichaka vya chai anavyovijua. Alinieleza kwamba hakufikiria. Nilimuuliza angefanya vivyo hivyo kwa Mgusii wa laini nyingine, asiyemjua. Alinyamaza muda, akasema labda.

Na historia ya mbali inatuambia kwamba ukuta kati yetu na Wagusii ni mpya. Henry Mwanzi, katika historia yake ya Wakipsigis ya mwaka 1977, alipinga simulizi la kabila moja lililotembea likiwa zima kutoka kaskazini. Alionyesha jamii iliyojengwa na watu wa asili mbalimbali waliokutana na kumezana papa hapa. William Ochieng', aliyeandika historia ya Wagusii mwaka 1974, anaeleza masimulizi yao ya kukaa Kabianga, katikati ya nchi yetu ya chai ya leo, kabla ya baridi na vita kuwasukuma. Ndiyo, tulipigana nao vikali. Vita vya Mogori mwishoni mwa karne ya 19 vilitumaliza vijana. Lakini koo zilizohama kutoka upande hadi upande ni nyingi, na bibi zetu wengi waliitwa kwa majina ya kule walikozaliwa.

Ipo sehemu ya malezi yetu ambayo wanaoyasifu huiruka, na mimi sitairuka. Harkness na Super waliandika mwaka 1985 jinsi kilio kinavyofundishwa. Mtoto mdogo akilia anabembelezwa na kuvutwa mawazo. Anapokua anatazamiwa kujizuia. Na kwenye tohara, kulia ni aibu ya ukoo mzima. Kwa wasichana tohara hiyo ilikuwa ukeketaji, ambao Kenya iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Nilipitia. Wanawake walioniimbia asubuhi ile walikuwa wale wale walionifundisha kusikia kilio cha mdogo wangu toka mbali. Walijua kabisa ninahisi nini. Kujua maumivu ya mwenzako na kuyaondoa ni mambo mawili, na anayesoma huruma bila kutazama hapo hajaisoma.

Cheplakwet sasa anatoweka. Ada za madarasa ya kwanza zilipofutwa katika miaka ya 1970, na elimu ya msingi ilipofanywa bure tena mwaka 2003, wasichana wa miaka saba walikwenda shule, na nashukuru kwa moyo wote kwamba mjukuu wangu hakuchelewa kama mimi. Watoto wachanga wako kwa bibi, kwa yaya wa kulipwa, au chekechea. Laini nazo zinapungua watu: mashine za kuchuma chai zinafanya kazi ya mikono mingi, na mwaka 2023 wachumaji wenye hasira walizichoma kadhaa huko Kericho. Mama wa chumba cha pili anaondoka pamoja na kikapu chake. Mtaala wa umilisi umeorodhesha upendo, amani na uwajibikaji miongoni mwa maadili ya kufundishwa, na mwalimu huyaandika katika maandalio ya somo. Nimekaa nyuma ya madarasa hayo. Mtoto husoma neno, hulinakili, hupata alama. Hakuna mtu anayemtegemea kwa lolote mpaka kengele inapolia.

Kijana mmoja wa Bomet anayesomea shahada ya uzamili alikuja kuniuliza aanzie wapi, kwani anataka kuandika kuhusu amani ya mpaka wetu. Alikuwa na hojaji ya kurasa nyingi, yenye vipimo vya huruma vilivyotungwa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Nilimwambia aiache nyumbani. Aende Chebilat siku ya soko, akae na akina mama wa pande zote mbili, na aulize mambo yanayoshikika: mwaka 2008 nani alimwekea nani mtoto, nani alificha ng'ombe wa nani, ufunguo ulikabidhiwa nani, ni nini kilichorudishwa na ni nini ambacho hakikurudi. Awaulize pia waliofunga mlango, bila kuwahukumu, walikuwa wanamwona nani pale nje. Atafute wavulana walioachiwa wadogo zao kwenye laini zenye watu wa makabila mengi, ambao leo ni wanaume, aone walikuwa upande gani usiku ule, kama Ember alivyowatafuta wale wa Oyugis. Na akishaandika, awasomee wenyewe kwa Kiswahili, wamsahihishe, kabla hajaipeleka kazi yake chuoni.